Klarineti kuukuu ya mwanafunzi, dola 150: ina thamani gani, na kwa nini sauti yake iko juu?

#1 Baba_Neema (Goma)
Jambo wakubwa. Kuna papa (mzee) mmoja hapa mtaa wa Birere anauza klarineti kuukuu, anataka dola 150 na hashuki. Ninaitaka kwa ajili ya binti yangu Neema, ana miaka 12, mwaka huu ameingia fanfari, yaani bendi ya ala za upepo, ya parokia. Kwa sasa watoto watatu wanapokezana klarineti moja. Siku ya Neema ni Jumanne tu.

Nilichoona: mwili mweusi, umegongwa muhuri "Made in France". Juu ya muhuri kulikuwa na jina, limefutika, limebaki "& Fils", yaani "na wana". Funguo ni za nikeli, tatu zimelika mpaka njano ya ndani inaonekana. Sanduku linanuka stoo. Muuzaji anasema huu ni mpingo wa zamani, na mpingo haujadiliwi bei.

Mwalimu wa fanfari aliipuliza dakika kumi hivi. Sauti nene, nzuri. Lakini ilipokutanishwa na kinanda cha kanisa ikawa juu, tena si kidogo. Akavuta kipipa, kile kipande kifupi kilicho chini ya mdomo wa kupulizia, mpaka karibu kichomoke. Bado juu.

Maswali mawili: ina thamani gani hii? Na kwa nini iko juu?

#2 Sauti_ya_Kivu (Bukavu)
Karibu. Usilipe kitu leo.

"Made in France" ni anwani ya mzigo, si jina la fundi. Zamani viwanda vya Ufaransa, hasa vya kule La Couture-Boussey, vilitengeneza klarineti nyingi na kuziuza bila jina. Duka la London au la New York likagonga muhuri wake lenyewe. Kwa hiyo hata hiyo "& Fils" ingesomeka yote, huenda ingekupa jina la muuzaji tu. Nyingine katika hizo ni ala safi kabisa. Nyingine ni kuni.

#3 Tromboni_Majengo (Goma)
Baba Neema, ni yule papa wa karibu na mafundi redio? Mimi alinitajia 200 mwezi wa nne. Kwa mwendo huo, ukingoja hadi Noeli atakulipa wewe uichukue.

#4 Mzee_wa_Katuba (Lubumbashi)
Wanangu, kabla ya bei hesabuni funguo. Klarineti ya mfumo wa Boehm (mpangilio wa funguo wa siku hizi) ina funguo 17 na pete 6 zinazozunguka matundu. Mkikuta funguo 13 na pete mbili, hiyo ni Albert. Mtoto akianza na Albert atahangaika, kwa sababu vidole vinakwenda tofauti na vitabu vinavyouzwa siku hizi. Mimi huku nimezikuta kadhaa, wala si ajabu: Eugène Albert mwenyewe alikuwa fundi wa Brussels. Baadaye ndipo Mjerumani Boehm akabuni klarineti hii tunayopiga leo.

#5 Flutisti_Ibanda (Bukavu)
Shikamoo papa. Hapo mwisho naomba nirekebishe. Theobald Boehm alibuni mfumo wa funguo wa filimbi, hakubuni wa klarineti. Aliyeleta pete kwenye klarineti ni Hyacinthe Klosé, mwalimu wa Konsevatuari ya Paris, pamoja na fundi Louis-Auguste Buffet. Walichukua wazo la Boehm, wakalisajili kwa klarineti mwaka 1844. Jina likabaki la Boehm.

#6 Mzee_wa_Katuba (Lubumbashi)
Marahaba mwanangu, nimepokea. Hesabu ya funguo inabaki palepale.

#7 Baba_Neema (Goma)
Nimerudi Birere. Funguo 17, pete 6. Aksanti papa.

Sasa nitajuaje kama ni mpingo kweli? Muuzaji hataki niikwangue. Rafiki yangu anasema nichome na sindano ya moto mahali pasipoonekana.

#8 Mpingo_Lindi (Tanzania)
Hodi humu. Sindano ya moto iache kabisa! Utaacha kovu kwenye kitu ambacho si chako.

Mimi natoka Lindi, mpingo kwetu ni mti wa nyumbani. Wamakonde wanauchonga vinyago, na magogo mengine yanapasuliwa vipande vya pembe nne yanasafiri Ulaya kuwa klarineti na oboe. Hakuna haja ya kukwangua. Tenganisha vipande, uangalie kwenye ncha na ndani ya shimo kwa tochi ya simu. Mpingo, hata uwe mweusi tii, una nyuzi nyembamba na vitundu kama vya ncha ya sindano. Plastiki ni laini kote kama sahani. Halafu uzito: mpingo ni katika miti michache inayozama majini.

#9 Tromboni_Majengo (Goma)
Kwa kipimo hicho cha kuzama, sisi ziwa tunalo hapo chini tu.

#10 Mpingo_Lindi (Tanzania)
Nakusihi ndugu yangu, usimpe mawazo.

#11 FundiWaKadutu (Bukavu)
Mimi natengeneza ala za upepo, Kadutu. Niseme la ufundi.

Kati ya mpingo na plastiki kuna kitu cha tatu: ebonaiti, yaani mpira mgumu. Nayo ni nyeusi na haina nyuzi. Isugue kwa kidole gumba hadi ipate joto kisha unuse, itakupa harufu ya kiberiti, kama tairi jipya. Ikipigwa jua miaka mingi inageuka kahawia au kijani cha matope. Si kitu kibaya, midomo mingi mizuri ya klarineti ni ebonaiti.

Lakini mimi sianzi na mwili. Naanza na funguo. Shika kila ufunguo kwa vidole viwili uutikise kwa ubavu. Ukicheza sana kwenye mhimili wake, tampo haitakaa mahali pamoja mara mbili. (Tampo ni vile vigodoro vinavyoziba matundu.) Halafu tafuta dalili za kuungwa. Klarineti za bei rahisi za zamani, baadhi yake, zilipewa funguo za madini ya kumiminwa, ya kijivu. Ukiuvunja, ndani kuna punje kama za sukari. Hizo hazipindi. Ukinyoosha ufunguo uliopinda unabaki na vipande viwili mkononi, na solda haishiki. Ilinipata kwenye klarineti ya mteja, ufunguo wa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Nilikaa siku nne nikichonga mwingine kutoka kwenye mpini wa kijiko cha zamani. Mpaka leo unapiga.

Kisha hewa. Chukua sehemu ya chini peke yake, ziba matundu yote kwa vidole, ziba mwisho kwa kiganja, vuta hewa kwa kinywa. Ikiziba, ulimi wako utanaswa, na ukiachia italia "po!". Ikivuja utasikia msss. Fanya hivyo na sehemu ya juu.

Mwisho nyufa. Tazama sehemu ya juu, kuanzia ukingo wake wa juu hadi kwenye funguo za trili, zile ndefu za ubavuni. Mti ukipasuka mara nyingi huanzia hapo. Piga tochi kwa ubavu, usimulike moja kwa moja.

Kubadili tampo zote 17, lieji za maungio (ile koki laini inayozungushwa ili vipande vikamatane) na springi zilizokatika, mimi nachukua dola 45. Springi natengeneza kwa sindano za kushonea, na zinadumu. Kwa hiyo klarineti ya 150 inayovuja ni klarineti ya 195. Papa wa Birere hiyo 45 hataitaja.

#12 Baba_Neema (Goma)
Fundi, Mungu akubariki, nimefanya yote, papa akiwa amenisimamia.

Sehemu ya juu ina nyuzi. Ya chini pia, na paviyo pia, ule mdomo mpana wa mwisho. Lakini kipipa hakina nyuzi hata moja, na nilipokisugua kimenuka tairi! Mdomo wa kupulizia hauna jina lolote. Sehemu ya chini imelia "po". Ya juu inavuja kidogo. Sijaona ufa. Funguo hazichezi, ila mmoja.

#13 Sauti_ya_Kivu (Bukavu)
Basi kipipa si cha kwake. Tumeanza kukaribia swali lako la pili. Kipime.

#14 Mlima_Moto (Goma)
Mnazunguka bure. Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Klarineti ilitengenezwa Ufaransa, chini. Hewa nyepesi, sauti inapanda. Ndiyo sababu.

#15 Flutisti_Ibanda (Bukavu)
Hapana ndugu. Mwendo wa sauti hewani hauongozwi na kimo cha mahali, unaongozwa na joto. Digrii moja ikipanda, sauti ya ala ya upepo inapanda kama senti 3, ukihesabu nusu toni kuwa senti 100. Na Goma si mji wa joto. Kama ni hali ya hewa peke yake, asubuhi za Goma klarineti ingekuwa chini. Tena klarineti nyingine ya fanfari inapigwa kanisa hilohilo na kinanda hichohicho bila shida.

#16 Mlima_Moto (Goma)
Sawa kwa mwendo wa sauti. Lakini ndimi, vile vibanzi vya mwanzi vinavyofungwa kwenye mdomo wa klarineti, mnazielezaje? Mwanzi wa ulimi uleule, nambari ileile, nikitoka Uvira nikifika huku unakuwa mgumu, lazima niukwangue. Ulimi mgumu unabanwa zaidi na midomo, na ukibana sauti inapanda. Sijasema uongo.

#17 FundiWaKadutu (Bukavu)
La ndimi nakuunga mkono, wateja wangu wa Uvira wanasema hivyohivyo. Ila ulimi haupandishi kiasi anachosema Baba Neema, na mwalimu wa fanfari bila shaka alitumia ulimi wake mwenyewe.

#18 Bugle_wa_Bunagana (Rutshuru)
Baba Neema, muulize papa klarineti imetoka wapi. Nadhani najua.

#19 Baba_Neema (Goma)
Anasema ilikuja na mtu kutoka Kampala, zamani, babu yake alikuwa kwenye bendi huko.

#20 Bugle_wa_Bunagana (Rutshuru)
Nilijua. Hiyo ni klarineti ya sauti ya juu!

Nieleze. Leo noti ya "la", ile ya kupatanishia ala, ni mitetemo 440 kwa sekunde, ilikubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Kabla yake kila nchi na yake. Waingereza, waliotawala Uganda, hasa bendi zao za kijeshi, walikuwa kwenye 452 hivi, karibu robo toni juu ya sisi. Klarineti za bendi hizo zilitengenezwa fupi, na matundu yake yamekaribiana. Hazirekebishiki. Ukivuta kipipa, sauti moja inakaa sawa na nyingine inakwenda mrama. Nyingi zimegongwa HP, na za sauti ya chini LP. Tafuta herufi hizo karibu na muhuri.

Kama ni HP, hata papa akikupa kwa dola 20 usiichukue. Itamharibu mtoto sikio.

#21 Baba_Neema (Goma)
Hakuna HP wala LP. Muhuri wenyewe umefutika nusu.

#22 Sauti_ya_Kivu (Bukavu)
Bugle, hapo kuna tatizo. Ala ni ya Ufaransa. Ufaransa iliweka la kwenye 435 kisheria tangu 1859. Klarineti ya zamani ya Kifaransa ingekuwa CHINI ya kinanda chetu, si juu.

#23 Bugle_wa_Bunagana (Rutshuru)
Ya kuuzwa Ufaransa, ndiyo. Lakini umesema mwenyewe kwenye #2 kwamba walitengenezea maduka ya London. Mteja akitaka 452, anapewa 452.

#24 Sauti_ya_Kivu (Bukavu)
Umenishika. Lakini kipipa cha kubandikwa nacho unakiwekaje?

#25 Mzee_wa_Katuba (Lubumbashi)
Wanangu mnanikumbusha mbali. Nyumbani kwangu kuna Albert ya marehemu mjomba, funguo 13, haijapigwa miaka mingi. Watu wananiambia tupa. Lakini wana-jazi Sidney Bechet na Johnny Dodds wa New Orleans walipiga Albert maisha yao, wala hakuna aliyewaambia ni mfumo wa kizamani. Waturuki mpaka leo wanazipiga, zile ndefu zilizopatanishwa kwa noti ya sol.

Na hapa kwetu klarineti haikuwa chombo cha kanisani tu. Jean Serge Essous alikuwa na klarineti na saksafoni yake bendi ya OK Jazz ilipoanza mwaka 1956. Gitaa likakua, klarineti ikanyamaza. Mimi bado nasikitika.

#26 Tromboni_Majengo (Goma)
Papa, hiyo Albert ya mjomba usitupe. Mtumie yule wa Birere, ataiandikia dola 900.

#27 Ma_Rehema (Lubumbashi)
Jamani, mtu anamnunulia mtoto wa miaka 12 mpingo? Nisikilizeni mimi niliyelia.

Nilinunua klarineti ya mti, Noblet, ya Kifaransa, nzuri mno. Niliitoa Bukavu nikaja nayo Lubumbashi mwezi wa tano. Mnajua kiangazi cha huku: kuanzia Mei mpaka Septemba hakuna tone la mvua, midomo yenyewe inapasuka. Mwezi wa sita, asubuhi ya baridi, mwanangu anafanya mazoezi, nikasikia "ta!" kama mtu amevunja kijiti. Ufa kutoka ukingo wa juu mpaka kwenye tundu la kwanza la trili. Niliuweka ukucha wangu ndani ya ule ufa, ukaingia.

Sasa ana Buffet B12, plastiki, ya mkono wa pili, dola 110 na tampo zake zinaziba. Imeanguka mara mbili. Haijali kiangazi wala nini. Kama si B12, kuna Vito, kuna Yamaha, zile za wanafunzi, za plastiki. Mpingo mpe akifika miaka 18.

#28 Klarineti_ya_Ruashi (Lubumbashi)
Ma Rehema pole. Mimi nimepata Selmer kwa dola 90! Imeandikwa Bundy, na chini Selmer. Nasikia Selmer za Paris zinauzwa maelfu. Nimuuzie nani?

#29 Sauti_ya_Kivu (Bukavu)
Ruashi, pole kwa habari. Bundy ni klarineti ya shule ya Selmer ya Marekani, ya mji wa Elkhart, Indiana, mwili wa plastiki waliyoiita Resonite. Si ile ya Henri Selmer wa Paris. Zilitengenezwa nyingi mno, ndiyo maana ziko kila mahali. Lakini 90 kama inapiga hukuibiwa. Ni farasi wa kazi.

Vilevile mtu asidanganyike na Buffet E11. Jina ni la Paris, lakini nyingi zilitengenezwa Ujerumani, kwa Schreiber. Ni ya mti, ya mwanafunzi, nzuri, ila bei yake isifananishwe na R13, ile Buffet ya wapigaji wakubwa.

#30 Klarineti_ya_Ruashi (Lubumbashi)
Aksanti. Basi naibakiza, nitaipiga mwenyewe.

#31 FundiWaKadutu (Bukavu)
Ma Rehema, huo ufa mimi ningesema si kiangazi. Ni ile asubuhi. Pumzi ya moto ndani, baridi nje: ndani inatanuka, nje imekaza. Ungempa aishike kwapani dakika tano kabla ya kupuliza, huenda ingekuwa nzima leo.

#32 Ma_Rehema (Lubumbashi)
Fundi, Bukavu nako asubuhi kuna baridi na haikupasuka miaka mitatu. Kilichobadilika ni ukavu.

#33 Mpingo_Lindi (Tanzania)
Au mti haukuanikwa vya kutosha kiwandani. Gogo la mpingo linatakiwa likae miaka kabla ya kutobolewa. Likiharakishwa, deni linalipwa na mnunuzi.

#34 Mlima_Moto (Goma)
Au haikupakwa mafuta. Mjomba wangu alikuwa anapaka mawese ndani kila mwezi.

#35 FundiWaKadutu (Bukavu)
Mlima, MAWESE HAPANA! Yanaganda kwa baridi, yanaoza, yanaloweka tampo mpaka zinakuwa kama mkate kwenye chai. Nimewahi kuikwangua klarineti ya namna hiyo kwa kijiti na kitambaa siku nzima. Mafuta ya lozi, matone machache kwenye kitambaa, funguo zote umezikinga, mara mbili tatu kwa mwaka. Basi.

Ma Rehema, ufa wako unazibika. Vumbi la mpingo na supaglu, pole pole. Niletee.

#36 Ma_Rehema (Lubumbashi)
Nitaileta. Sikuwahi kuitupa, iko chini ya kitanda.

#37 Mama_wa_Ndosho (Goma)
Mimi simfahamu Buffet wala nani. Naomba niseme kimoja tu kuhusu vyombo vya zamani. Januari 2002 Nyiragongo ulipolipuka, kaka yangu alitoka nyumbani na vitu viwili: mtoto mgongoni, na sanduku la klarineti ya korali kichwani. Tukaenda nalo mpaka Gisenyi. Nyumba tulikuta ni mawe. Klarineti ilikuwa na majivu kila mahali. Ukigeuza skrubu ilikuwa inasaga kama unga wa mchanga. Tuliosha ufunguo mmoja mmoja kwa petroli na brashi ya meno. Sijui ni ya Ufaransa au wapi. Imepigwa kwenye misa miaka yote hii.

#38 Baba_Neema (Goma)
Mama, aksanti kwa hiyo.

#39 Trili_ya_Bagira (Bukavu)
Swali la pembeni: mpingo si mti uliozuiwa? Akivuka nayo mpakani hawatamnyang'anya?

#40 Mpingo_Lindi (Tanzania)
Mwaka 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia, na mpingo ukiwemo, iliwekewa masharti ya vibali kuvuka mipaka, hata ikiwa ala. Wanamuziki walilalamika, na mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo. Kinachobanwa sasa ni magogo na mbao. Tena Baba Neema ananunua Goma kwa matumizi ya Goma.

#41 FundiWaKadutu (Bukavu)
Turudi kwenye sauti ya juu. Baba Neema, mambo matatu. Pima kipipa kwa rula, kuanzia ukingo mpaka ukingo. Halafu laza sehemu ya chini ya klarineti hii kando ya ile ya fanfari, uone kama matundu yanatazamana. Tatu, mwalimu apige sauti mbili kipipa kikiwa kimesukumwa ndani kabisa: sol ya wazi, isiyoshikwa kidole, na mi ya chini kabisa. Mpime kwa programu ya simu.

Sababu ni hii. Kipipa kikiwa kifupi, sol ya wazi inaumia zaidi, kwa sababu bomba lake ni fupi na milimita chache ni sehemu kubwa yake. Mi ya chini bomba lake ni refu, inaumia kidogo. Lakini kama ni HP ya Bugle, zote zitapanda karibu sawasawa.

#42 Bugle_wa_Bunagana (Rutshuru)
Kipimo cha haki. Nakubali.

#43 Baba_Neema (Goma)
Imechukua siku tatu, samahanini. Mwalimu alikuwa safarini, na papa hakutaka klarineti itoke dukani, ikabidi tuilete ile ya fanfari (ni B12) hadi Birere. Watu walidhani kuna tamasha.

Kipipa: milimita 60.
Matundu: karibu yanatazamana. Yetu yako ndani kidogo, kama milimita 2 kwenye tundu la mwisho.
Sol ya wazi: senti 44 juu. Tulirudia mara nne, kati ya 41 na 46.
Mi ya chini: senti 26 juu.

#44 FundiWaKadutu (Bukavu)
Kipipa! Vya kawaida ni milimita 64 mpaka 67. Chako kimepungua kama 6. Kwa hesabu yangu milimita 6 zinapandisha sol senti 40 na kitu, na mi chini ya 20. Tofauti kati ya sauti zako mbili ndiyo inasema. HP ingekupa karibu 50 na 50.

#45 Bugle_wa_Bunagana (Rutshuru)
Lakini mi yake ni 26, si chini ya 20. Na zile milimita 2 za matundu? Kipipa hakisogezi matundu ya sehemu ya chini. Kuna kitu kingine.

#46 Flutisti_Ibanda (Bukavu)
B12 si kipimo cha kila kitu, Bugle. Kila kiwanda kina shimo lake la ndani na nafasi zake za matundu. Milimita 2 kati ya viwanda viwili si kitu.

Mimi nautilia shaka mdomo. Hauna jina. Kama chumba chake cha ndani ni kidogo, ni sawasawa na kufupisha bomba: sol inapanda zaidi, mi inapanda kidogo. Kipimo cha fundi hakiwezi kutenganisha mdomo na kipipa.

#47 Sauti_ya_Kivu (Bukavu)
Tena kuna hili. Tuseme ni ya 435, ilikuwa chini ya kinanda kwa senti 20. Fundi fulani wa Kampala akakata kipipa makusudi ili aipandishe, akazidisha. Si ajali, ni dawa iliyozidi kipimo.

#48 Trili_ya_Bagira (Bukavu)
Na tampo je? Kama mtu aliweka tampo nyembamba, funguo zinainuka juu kuliko zamani, na sauti inapanda.

#49 FundiWaKadutu (Bukavu)
Trili, kwa sol ya wazi na mi ya chini hilo halichangii sana. Flutisti, la mdomo nakubali, sikulifikiria. Sauti, kipipa cha ebonaiti hakikukatwa kutoka kwenye cha mti.

#50 Sauti_ya_Kivu (Bukavu)
Fundi wa Kampala huenda alikuwa na kipipa kimoja tu dukani kwake.

#51 Tromboni_Majengo (Goma)
Na bei? Mmemwacha baba wa watu na senti 44 mkononi.

#52 Ma_Rehema (Lubumbashi)
60. Na bado nasema plastiki.

#53 Mzee_wa_Katuba (Lubumbashi)
Mpingo mzima, bila ufa, funguo hazichezi, Boehm kamili. Mimi ningetoa 100, na kipipa ningetafuta baadaye.

#54 Bugle_wa_Bunagana (Rutshuru)
20, mpaka ithibitike si HP.

#55 FundiWaKadutu (Bukavu)
Toa 90. Ongeza 15 zangu za ule uvujaji na ufunguo mmoja unaocheza. Sehemu ya chini imeziba, hapo tampo usiguse. Lakini asikupe risiti ya mwisho kabla hujaipiga na kipipa cha kweli.

#56 Baba_Neema (Goma)
Nimekwenda na Neema mwenyewe leo. Papa alimsikia akipiga wimbo wa kuingilia, ule wa Jumapili, wote, na zile sol zake za juu. Alikaa kimya. Halafu akasema 90, na niichukue wiki moja nijaribu, nikiirudisha anarudisha pesa. Sikujadili tena.

Usiku huu iko kitandani kwa Neema, nimemkataza asiilalie. Fundi, kipipa cha milimita 66 unacho?

#57 FundiWaKadutu (Bukavu)
Ninacho cha mti, kutoka kwenye klarineti iliyokufa. Nimekifunga kwa gazeti, kinapanda boti ya kesho asubuhi, nitakuandikia pembeni jina la mtu wa kumuuliza bandarini. Mwalimu ajaribu kwanza na mdomo uleule usio na jina. Akishaandika sol na mi ndipo abadili mdomo, apime tena. Visibadilishwe viwili kwa pamoja, Flutisti asije akanidai.

#58 Flutisti_Ibanda (Bukavu)
Nakudai tayari.

#59 Bugle_wa_Bunagana (Rutshuru)
Na mwalimu apige la katikati pia, aandike. Mimi nangoja hiyo.